Baba anasema naenda kuwa yaya wa Wazungu

SWALI: Nina miaka 23, naishi Mbeya. Nina astashahada ya ualimu wa elimu ya awali na nafundisha chekechea ya kanisa. Usharika wetu una urafiki wa siku nyingi na kanisa moja la Ujerumani, na nimechaguliwa kwenda kujitolea mwaka mzima kwenye kituo cha watoto huko. Tiketi, chakula na malazi wanatoa wao, na kila mwezi nitapewa posho. Mama amefurahi. Baba amekataa. Anasema mtu mwenye cheti chake haendi kubadilisha pampasi za watoto wa watu bila mshahara, na ananiuliza kama nimesahau yaliyowapata mabinti waliopelekwa Uarabuni. Nataka kwenda, ila naogopa. Kazi yenyewe hasa ni ipi? Na nikimaliza mwaka, naweza kubaki nikasoma?

JIBU: Mdogo wangu, baba yako usimbishie haraka. Mzazi anayeuliza maswali kabla mwanawe hajapanda ndege ni bora kuliko kumi wanaopiga vigelegele uwanjani. Mabinti anaowasema wapo, Watanzania na Wakenya pia: walisaini mkataba mmoja hapa wakakuta mwingine kule, hati ya kusafiria ikafungiwa kabatini kwa mwajiri, na mambo yalipoharibika hawakuwa na wa kumlilia. Basi safari yako ipime kwa maswali hayohayo ya baba. Nani anatia sahihi pamoja nawe? Nani anashika hati yako? Na ukikwama, unampigia nani ambaye si bosi wako? Kwa jinsi ulivyoeleza, nadhani naujua mpango uliochaguliwa. Ukikuta karatasi zako zinasema tofauti na haya nitakayosema, usiendelee mpaka upate maelezo.

Mwaka 2008 serikali ya Ujerumani, kupitia wizara yake ya ushirikiano wa maendeleo, ilianzisha mpango unaoitwa weltwärts. Huo ndio ulioleta wengi wa wale vijana wa miaka 18 na 19 mnaowaona huku wamepakiwa kwenye bodaboda na begi mgongoni, wakifundisha Kiingereza ambacho si lugha yao wala ya wanafunzi wao. Kwa miaka mitano njia ilikuwa ya upande mmoja. Watu wa huku wakauliza, tena kwa haki: mbona sisi ni wa kusaidiwa tu? Mwaka 2013 ukafunguliwa mlango wa pili, vijana wa nchi washirika wakaanza kupokewa Ujerumani. Makanisa yaliuchangamkia mapema kwa sababu yalikuwa na undugu tayari. Wamisionari wa Leipzig walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na sharika nyingi za KKKT, kanisa la Kilutheri la Tanzania, zina marafiki wao Ujerumani mpaka leo. Miji nayo ina urafiki wake, kama Mwanza na Würzburg tangu 1966, au Dar es Salaam na Hamburg tangu 2010. Kwa hiyo kuchaguliwa kupitia usharika ni jambo la kawaida kabisa, halina ujanja ndani yake.

Sasa hapa baba asikilize vizuri. Kijana wa kwetu akifika kule hawekwi kwenye fungu lake la wageni. Anaingia kwenye utumishi wa kujitolea wa taifa lao, Bundesfreiwilligendienst, ulioanza Julai 2011 Ujerumani iliposimamisha jeshi la lazima. Zamani kijana wa Kijerumani asiyetaka kushika bunduki alipelekwa kuhudumia wazee, wagonjwa na watu wenye ulemavu. Jeshi la lazima liliposimama, nafasi zile zingebaki tupu, ndipo serikali ikazifungua kwa kila mtu, mwanamke na mwanamume, bila ukomo wa umri. Wapo wastaafu wanaojitolea. Kwenye meza ya chai huenda ukakaa na binti wa Kijerumani aliyemaliza sekondari juzi, mtoto wa daktari, anayefuta pua za watoto walewale kwa posho ya aina ileile. Hiyo kazi wanaifanya na watoto wao wenyewe, na mtu anaiandika kwenye wasifu wake kwa fahari.

Mkataba wenyewe haufungwi kati yako na mkuu wa kituo peke yake. Unafungwa kati yako na serikali ya shirikisho, ikiwakilishwa na ofisi yake iliyoko Köln. Tafuta jina la ofisi hiyo kwenye makaratasi yako. Kifupi chake ni BAFzA. Mkataba unataja kituo, tarehe ya kuanza na kumaliza, saa za kazi, posho na likizo. Kwa kawaida ni miezi 12, na unaweza kufika 18. Kituo kinakulipia bima ya afya na michango ya hifadhi ya jamii. Ndani ya mwaka unapewa siku 25 za semina, ambapo mnakutana volontia kutoka nchi mbalimbali na kuzungumza mambo yanayowasibu, bila mkuu wa kituo kuwemo chumbani. Pembeni ya kituo lipo shirika linalokusimamia, na ndani ya shirika hilo kuna mtu maalumu wa kukusikiliza. Omba jina lake na namba yake sasa hivi, ukiwa bado Mbeya. Umpe baba namba hiyo, umwone atakavyotulia. Hati ya kusafiria unakaa nayo wewe. Mtu akikuomba akutunzie, iwe ni kwa upendo au kwa sababu yoyote, mkatalie kwa adabu.

Kuhusu fedha nitakuwa mfupi. Nafasi kwenye mpango huu hainunuliwi. Ada ya usajili haipo, ya kuharakisha viza haipo, ya kumshukuru mtu haipo. Gharama za kawaida za upande wako ni hati ya kusafiria, ambayo Uhamiaji wanatoza shilingi 150,000, na nauli ya kwenda Dar es Salaam ubalozini, na hata hizo mashirika mengine hurudisha. Akitokea wakala anayedai milioni mbili ili akuunganishe na kituo cha watoto Ujerumani, huyo anauza hewa. Posho ni euro mia chache kwa mwezi. Inatosha vocha, kahawa, sabuni, mafuta ya nywele ambayo utayatafuta kwa taabu, na safari ya kwenda kumwona rafiki mji wa pili. Kujenga haijengi. Nyumbani wakianza kuhesabu matofali kabla hujaondoka, waambie mapema kwamba mwaka huu hakuna cha kutuma, la sivyo utakaa kule na deni ambalo hukulikopa.

Kazi sasa. Vituo vyao vinaitwa Kita: mchanganyiko wa kituo cha malezi na chekechea, watoto kuanzia mwaka mmoja mpaka wanapoingia shule wakiwa na miaka sita. Tangu Agosti 2013 kila mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya kupata nafasi, na hapo ndipo uhaba wa walezi ulipozidi. Usidhani unachukuliwa kuziba uhaba huo. Sheria ya utumishi huu inakataza volontia kukaa kwenye nafasi ya mfanyakazi. Wewe ni mkono wa ziada: unasaidia, unacheza nao, unaandaa meza, unafuatana na kundi wakienda msituni au maktaba. Kundi huachiwi peke yako. Wanaoamua ni walezi waliosomea.

Na hili, nakwambia wewe uliye na cheti, litakuuma kuliko baridi. Mbeya unasimama mbele ya watoto arobaini, ukipiga makofi mara mbili wote wananyamaza. Kule utaambiwa ukate matunda. Utaona jambo ambalo ungelitatua kwa dakika moja, lakini hutakuwa na Kijerumani cha kulisemea. Mlezi wa umri wako, pengine mwenye uzoefu mdogo kuliko wako, atakuonyesha jinsi ya kumfuta mtoto mdomo. Nimewasikia wengi wakirudi na kusema miezi mitatu ya kwanza walijihisi wamerudishwa kuwa watoto. Waliostahimili wakafika mwezi wa sita walikuta mambo yamegeuka, kwa sababu lugha imekuja na walezi wameona mikono yao. Ila ile miezi mitatu ipo, na ni vyema uijue.

Niingie ndani kidogo, maana watu hueleza mambo haya kwa juu juu. Kituo kinafunguliwa saa moja asubuhi. Mlangoni kuna ukumbi wa nguo wenye benchi za kimo cha mtoto, na kila mtoto ana ndoano yake yenye picha: chura, gari la zimamoto, ua la alizeti. Hawajui kusoma bado, wanajua picha yao. Chini ya ndoano kuna viatu vya ndani, buti za mpira na suruali ya plastiki ya kuchezea matope. Watoto hutoka nje kila siku, mvua inyeshe au theluji ianguke. Kuwavalisha ni kazi yenye utaratibu wake. Suruali ya nje kwanza, kisha buti, kisha skafu, kisha koti, zipu mpaka juu, kofia, na glavu mwisho kabisa. Ukianza na glavu, mtoto hawezi kusaidia chochote na zipu utaivuta wewe kwa wote. Ukimaliza wa kumi na tano, wa kwanza anakwambia anataka chooni. Hapo unacheka au unalia, na siku nyingine vyote viwili.

Mtaala wa kuandika herufi ubaoni hutauona. Asubuhi wanakaa duara, wanaimba, wanahesabu nani yupo na nani hayupo, halafu wanaachwa wacheze. Wacheze kweli, saa nzima na zaidi, kila mmoja na analotaka. Froebel uliyemkariri chuoni ndiye aliyeanzisha kitu hiki huko Bad Blankenburg, akakipa jina la Kindergarten mwaka 1840, na hili la mchezo wanalichukulia kwa uzito mpaka leo. Mwalimu wa kwetu huona ni uvivu. Usiseme hivyo wiki ya kwanza. Kaa chini sakafuni, mwangalie mtoto mmoja anayejenga mnara, usimsaidie, uone anafanya nini ukianguka. Nadhani hilo ndilo somo utakalorudi nalo chekechea yenu, hata kama watoto ni arobaini na chumba ni kimoja.

Chakula wanajipakulia. Mtoto wa miaka mitatu anashika upawa, anamwaga, anapewa kitambaa afute. Asiyetaka kula halazimishwi kumaliza sahani. Wewe uliyelelewa na "chakula hakitupwi" itakubidi uumeze ulimi. Wanakuita kwa jina lako tupu, bila mwalimu, bila dada, bila anti. Hawakudharau, mkuu wa kituo naye wanamwita hivyo. Na asubuhi usisubiri shikamoo.

Kiboko na kofi ni mambo ya kuacha uwanja wa ndege wa Dar. Tangu Novemba 2000 sheria yao inampa mtoto haki ya kulelewa bila kupigwa, na hiyo inamhusu hata mzazi nyumbani kwake. Kumfinya sikio, kumtisha, kumvuta mkono kwa nguvu, kumfungia chumba peke yake: lolote kati ya hayo linatosha kukurudisha nyumbani. Najua ninyi mliosomea elimu ya awali mnafundishwa kutopiga, ila mkono una mazoea yake, na mtoto wa miaka minne anayekutemea mate machoni atayapima. Andaa mapema utafanya nini siku hiyo. Wengi husema neno moja, "Stopp", kwa sauti nzito, kisha humwita mlezi. Inatosha.

Pampasi, kwa kuwa baba amezitaja. Ndiyo, zipo. Lakini vituo vingi havimruhusu mgeni kumbadilisha mtoto mpaka mtoto mwenyewe amemzoea na walezi wameridhika, na kwa kawaida mlango haufungwi. Vina maandishi ya ulinzi wa mtoto yanayosema nani anafanya nini na mtoto yupi. Wewe mwenyewe utatakiwa kupeleka cheti cha tabia njema kutoka polisi, cha alama za vidole. Mtu yeyote anayefanya kazi na watoto kule anachunguzwa hivyo, usione umeshukiwa. Picha za watoto hupigi kwa simu yako, na huziweki status hata ukificha sura, isipokuwa mzazi ameruhusu kwa maandishi. Dada mmoja aliniambia hilo ndilo lililomshinda zaidi, maana nyumbani walitaka kumwona akiwa na watoto. Akawa anatuma picha za buti zao mlangoni.

Hapa naomba nitoke nje ya swali lako kidogo. Ukifika utakuta mtoto mpya wa mwaka mmoja akianza kituo. Mama au baba anakaa naye chumbani siku za mwanzo, kisha anatoka kwa dakika chache tu, kisha nusu saa, na mlezi mmoja ndiye anayemshika mtoto huyo mpaka amkubali. Inaweza kuchukua wiki kadhaa. Watoto wasiyumbishwe na mikono mingi, ndiyo sababu. Sasa kumbuka vituo vya kwetu, Arusha, Moshi, Mombasa, Nairobi, ambako mgeni analipa dola kwa kampuni ya safari, anakaa wiki mbili, anabeba watoto, anapiga picha, anaondoka, na Jumatatu anakuja mwingine. Mtoto yuleyule anamkimbilia na kumkumbatia, na mgeni anadhani ni upendo. Mtalii wa wiki mbili hangepita hata mlango wa Kita. Kenya ilisimamisha usajili wa vituo vipya vya kulelea watoto Novemba 2017 kwa sababu zinazogusana na haya, na imepanga kuwarudisha watoto kwenye familia. Nakwambia ili utakapoulizwa kule na binti anayetaka kuja "kusaidia yatima" likizo ya mwezi mmoja, uwe na la kumjibu. Mwulize kama kituo chake cha huko kingempokea yeye kwa masharti hayo.

Utakutana na ubaguzi, na bora tuseme. Mara nyingi watoto ni wadadisi tu: watagusa nywele, watauliza kama rangi inatoka ukioga, mmoja atakupa kalamu ya waridi aseme ni rangi ya ngozi ili ujichore. Weka mkono wako kando ya kalamu aone mwenyewe, mchezo unaendelea. Watu wazima ndio kazi. Atatokea mzazi anayekupita kila asubuhi bila salamu na kwenda kumkabidhi mtoto mlezi mwingine. Na kuna jambo laini zaidi: kituo kitakuomba uandae "siku ya Afrika", na ngoma, na kitenge, na shirika linalokusimamia nalo litakuomba uhudhurie hafla uimbe. Mara moja ni heshima. Mara ya tatu, sema hapana, au pendekeza uwapikie chapati bila kuzungumzia bara zima. Ulikwenda kufanya kazi na watoto. Maneno ya kibaguzi mpelekee yule mtu wa kukusikiliza, siku hiyohiyo, kwa maandishi.

Halafu Novemba. Mwisho wa Oktoba saa zinarudishwa nyuma, na ghafla jua linazama saa kumi na kitu jioni. Desemba kaskazini kama Hamburg ni saa kumi kamili. Unakwenda kazini gizani na kurudi gizani. Jumapili maduka yamefungwa na mtaa mzima kimya. Mbeya unaijua baridi, hilo linakusaidia kidogo, lakini kinachochosha ni giza. Wengi wanaokata tamaa hukata mwezi huu. Watoto ndio wanaouokoa. Tarehe 11 Novemba ni siku ya Mtakatifu Martin, wanatembea jioni na taa za karatasi walizotengeneza wenyewe wakiimba, na wewe utakuwa umebandika taa hizo wiki mbili nzima mpaka gundi imekuganda vidoleni. Usiku wa kuamkia tarehe 6 Desemba wanaweka buti mlangoni wapate peremende. Jipe kazi katika hayo yote, usikae chumbani na simu. Na watafute Watanzania wa mji huo kabla ya baridi. Karibu kila mji mkubwa wana kundi lao la WhatsApp na mtu anayejua sembe inauzwa wapi.

Kijerumani anza leo. Goethe-Institut wapo Dar es Salaam, lakini hata bila wao kuna masomo mengi ya bure mtandaoni. Usihangaike kwanza na sarufi. Jifunze maneno ya sakafuni: subiri, njoo, polepole, nionyeshe, inauma wapi, nani alianza. Watoto watakurekebisha kwa ukali usio na haya, nao ni walimu wazuri kwa kuwa wanarudia neno mara mia bila kuchoka.

Kubaki ukasome. Nitasema kwa uangalifu, kwa sababu hapa ndipo watu wanadanganyana. Viza yako ni ya kujitolea, ina tarehe ya mwisho, na mpango mzima umejengwa kwa kudhani utarudi na kutumia ulichojifunza. Shirika lako la hapa limeahidi hivyo kwa niaba yako. Ukitoroka, anayefuata kutoka usharika wenu hapewi viza. Hilo limeshatokea mahali. Lakini njia halali ipo. Ujerumani inahitaji walezi wa watoto, na mafunzo ya ulezi kule huchukua miaka mitatu au zaidi, sehemu chuoni na sehemu kazini. Watakudai Kijerumani cha kiwango cha juu, kwa kawaida B2 (ngazi ya nne kati ya sita za kupima lugha), na vyeti vyako vya sekondari na chuo vitapimwa kwanza kama vinalingana na vyao. Kila jimbo lina masharti yake. Wapo waliomaliza mwaka, wakarudi, wakaomba wakiwa nyumbani, wakaenda tena kwa mlango wa mbele. Wapo waliobadilisha kibali wakiwa kulekule baada ya ofisi ya wageni kukubali. Mimi ningekushauri ukienda, uende kwa mwaka mmoja. Uweke nakala za vyeti vilivyothibitishwa kwenye begi, ufike mwezi wa sita ndipo uulize. Kwenda huku umeshaamua kutorudi kutakuharibia mwaka wenyewe, utakuwa unamwangalia kila mtu kama daraja la kuvukia.

Kwa baba, usimpelekee hoja. Mpelekee karatasi. Umwombe mchungaji au katibu wa usharika akae naye, na mkataba utafsiriwe kwa Kiswahili, mstari wa saa za kazi na mstari wa bima avisome yeye. Akitaka kuzungumza na kijana aliyerudi, waulize dayosisi. Mara nyingi yupo mmoja wilaya ya jirani. Akibaki na hapana baada ya hapo, hiyo ni mada nyingine, na una miaka 23.

Jambo la mwisho, na ndilo la haraka kuliko yote. Tangu Machi 2020 hakuna anayefanya kazi kwenye Kita, akiwa amezaliwa baada ya mwaka 1970, bila kuthibitisha kinga ya surua: dozi mbili za chanjo, au cheti cha daktari kwamba kinga anayo. Wewe ulizaliwa wakati watoto wa Tanzania wakichanjwa surua mara moja tu, miezi tisa. Dozi ya pili iliingizwa kwenye ratiba yetu mwaka 2014. Kwa hiyo kadi yako ya kliniki, kama mama bado anayo, itaonyesha moja. Dozi nyingine ni lazima ipishane na ya kabla kwa wiki nne au zaidi, na kama kadi imepotea utaanza upya na mbili. Nimeona safari ikisogezwa mbele kwa hilo tu, viza ikiwa mkononi. Mwulize mama kadi iko wapi, kisha nenda nayo kituo cha afya wiki hii, wakuandikie tarehe, jina la chanjo na muhuri unaosomeka.